Gunia la Sita

Kila Novemba, kabla theluji ya Minnesota haijashika, Arlys Tollefson huifunga magunia mierezi yake mitano ya uani, upepo usije ukaikausha. Mwaka ule aliifunga peke yake. Mumewe, Verlyn, alikuwa ameacha kikaratasi mezani: anakwenda Duluth kumsaidia kaka yake kuezeka paa. Simu hakupokea tena. Kanisani Arlys alisema paa ni kubwa. Moyoni alijua ni mwanamke.

Asubuhi iliyofuata magunia yalikuwa sita. Akadhani jirani yake, Duane, kachomeka mti wake pale, akayaacha.

Aprili akayafungua. La sita lilikuwa na tundu usawa wa macho, limeelekea dirisha la jikoni. Ndani alisimama Verlyn, machipukizi mabegani, mizizi imemshika hadi vifundoni.

"Ile keki ya Februari aliileta nani?" akauliza.

"Duane."

"Akakushika bega."

"Mama alikuwa amefariki, Verlyn."

"Nilisikia."

Kumbe Verlyn alimwona akilia kwenye sinki siku tatu nzima, hatua kumi tu kutoka pale, na hakutoka. Hilo lilimuuma Arlys kuliko mwanamke yeyote wa Duluth.

Duane alikuja, akainama, akamkagua Verlyn miguu. "Usimng'oe sasa, jirani. Chini bado kuna barafu, utamkata mizizi. Ngoja Mei."

"Wewe kakuuliza nani?" Verlyn akasema.

Mei Arlys alimchimbua kwa sepetu, kwa uangalifu, akaacha udongo wa kutosha kwenye mizizi. Verlyn akaingia ndani, akaoga, akala viazi na nyama ya kusaga, akaongeza. Kiangazi chote aliipunguza mierezi vizuri tu, na simu ikilia alisimamisha mkasi.

"Miezi mitano ile uliniona nikifanya nini?" Arlys alimuuliza siku moja.

"Hakuna kitu."

"Basi?"

"Basi ninyi ni wajanja."

Novemba Verlyn alitoa magunia mwenyewe, sita, akavua viatu.

"Mwaka huu nielekeze sebuleni," alisema. "Na kamba uikaze, mwaka jana ilinipwaya."

Arlys akamfunga, akaikaza. Akaingia ndani, akachemsha kahawa, akainywa amesimama kwenye dirisha la sebule, mikono yote miwili juu ya kikombe, ionekane.