Macho Kwenye Ungo

Katika ghala la maharagwe karibu na stesheni ya Nakuru, wanawake wote waliinamia nyungo zao isipokuwa Milcah Nabalayo. Yeye alitazama boriti za paa huku vidole vyake vikitoa maharagwe yaliyobunguliwa, moja baada ya jingine, bila kukosea. Wachuka, aliyeketi karibu naye, alipenda kumtania kwamba huko juu ameona mchumba.

Ukweli ni kwamba katikati ya macho yake palikuwa na ukungu. Alichokikazia macho kilipotea. Alichokiacha pembeni kilikuja, si wazi sana, lakini cha kutosha. Hakufundishwa na daktari. Aligundua mwenyewe mwaka wa 1955, akitafuta sindano iliyomdondoka, na tangu hapo akawa anakula jasho lake kwa macho ya pembeni.

Mwaka uliofuata akaja nyapara mpya, Hiram, kijana aliyetaka sana bwana mwenye ghala amwone. Siku ya kwanza tu alisimama mbele ya Milcah.

"Mama, unalipwa kuhesabu mabati?"

"Nikiyaangalia maharagwe yanapotea, nyapara. Nikiangalia kando, yanakuja."

"Unanidharau. Macho kwa ungo mpaka kengele. Nikikupata tena unaangalia juu, leo leo unatoka kwa landi."

Landi zilikuwa vyumba vya wafanyakazi. Asiye na kazi hana chumba. Milcah alikuwa mjane, na shamba la mumewe huko Kakamega shemeji walishaligawana. Aliogopa. Akainamisha kichwa.

Ungo ukatoweka. Akaokota kwa kubahatisha, mazima yakaenda kwenye debe la taka na mabovu yakaingia kwenye gunia la kusafirishwa Mombasa. Wachuka alimnong'oneza kwamba anaharibu.

"Najua," Milcah alisema. "Lakini huyu hataki maharagwe safi. Anataka macho."

Jioni bwana alipita na mbwa wake. Hakufungua gunia hata moja. Hiram alimwonyesha yule mama aliyekuwa mvivu na sasa amenyooka, bwana akaridhika, na gunia likashonwa na kupigwa muhuri wa daraja la kwanza.

"Umeona?" Hiram alisema baada ya kengele, kwa sauti ya upole kabisa. "Kumbe unaweza. Kaa na chumba chako."

Milcah aliinua kichwa.

"Asante, nyapara," alisema, akimtazama sawasawa usoni, mahali ambapo hakuona kitu.