Kilomita Elfu za Kwanza

Muuguzi alikisoma mara tatu kijitabu cha pikipiki aliyojinunulia, kisha akachana ukurasa wa saba na kuubandika ukutani, juu ya meza ya chakula. Kilomita elfu za kwanza: usizidishe arobaini kwa saa. Usiikamue mlimani.

"Nimesoma," kaka yake alisema, mdomo umejaa mkate. "Naenda hapo tu."

Hapo tu palikuwa mbali. Alirudi jioni, injini inanuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Muuguzi, aliyekwenda zahanati kwa miguu akakuta akina mama kumi na wanne wanamsubiri na watoto wa chanjo, alishtaki kwa mama yao.

"Ni kaka yako," mama alisema. "Mwanamume mzima atembee?"

Siku ya tatu pikipiki ilirudi peke yake. Ilikuja kwa mwendo wa arobaini, ikawasha taa ya kushoto kwenye kona, ikampisha muuza nyanya, ikajiegesha ubavuni mwa nyumba. Kaka aliingia saa mbili baadaye, viatu mkononi.

"Pikipiki yako haina adabu," alisema. "Nimevuta mafuta kidogo tu, ikaniteremsha."

"Wapi?"

"Kule mlimani. Taratibu, lakini."

Ikawa hivyo karibu kila siku. Trafiki aliisimamisha mara moja, akakagua matairi, akairuhusu. Muuguzi alificha ufunguo kwenye kopo la unga. Mama akautoa, akaupangusa, akampa kaka. Muuguzi alisema mpaka sauti ikamkauka. Akaambiwa aache uchoyo.

Ilipotimiza kilomita elfu, pikipiki ilijipeleka kwa fundi kubadilishwa oili. Muuguzi aliikuta huko akitoka kazini, vumbi limempanda mpaka magotini. Fundi alikuwa amechuchumaa, sikio kwenye injini, anatabasamu. Kaka naye akatokea, anachechemea.

Fundi alifuta mikono, akampita muuguzi, akamshika kaka mkono.

"Injini imelainika vizuri mno. Hongera, bwana. Wachache wana subira hiyo."

"Kitu kipya kinataka kubembelezwa," kaka alijibu.

Akapanda, akavuta mafuta hadi mwisho. Kwa kuwa kilomita elfu zilikuwa zimekwisha, pikipiki ikamchukua.

Fundi akamgeukia muuguzi, akamuuliza kwa upole kama na yeye angependa, siku moja, kujifunza kuendesha.