Chura Asiyeruka

Dobashi alipomtaja chura, Mitsue alihisi kabichi ikimrudi kooni.

"Chura, jamani! Chura!" Dobashi alipayuka, mwiko mdogo wa chuma mkononi. "Nimevaa vazi la chura, nimefika ukingoni mwa shimo, nabonyeza kitufe niruke. Anatoa ulimi! Nabonyeza tena. Ulimi! Nikatumbukia shimoni ulimi nje, kama mbwa wa jirani yangu!"

Mama Fusae, mwenye mkahawa, alicheka mpaka akashika ubavu. Mitsue naye alicheka, maana wote walikuwa wanacheka, kisha akainama na kujifanya anageuza okonomiyaki yake, ile chapati nene ya kabichi na mayai, juu ya bati la moto. Haikuwa imeiva upande wa chini. Ilipasuka vipande viwili.

Kila tarehe nane Desemba watu hawa walikutana hapa, kwenye kichochoro kilicho nyuma ya maduka ya michezo ya video mjini Osaka, saa zile za alasiri ambapo Mama Fusae hufunga mlango akisubiri wateja wa jioni. Walikuwa watatu tu, lakini kelele zao zilitosha kumi. Dobashi alikuwa dereva wa lori la vifurushi, mtu wa domo pana na moyo mweupe. Rikako alikuwa muuguzi kwa daktari wa meno. Alisema machache, na yote yaligonga mfupa. Mwenyekiti wao alikuwa Yasutaka, fundi wa lifti, kaka yake Mitsue, na mwaka huu ndiye aliyemwalika dada yake. Kazi ya kikao ilikuwa moja, kuchagua mchezo mbovu kuliko yote ya mwaka huo na kuuzika.

Kanuni zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, asiyemaliza mchezo hana ruhusa ya kuusema. Ubaya wa kitu lazima uule mpaka sahani ibaki tupu, ndipo uteme. Ya pili Yasutaka aliitoa kwa mama yao, marehemu, aliyewalea kwa kushona nguo za watu. Siku kama hiyo washonaji wa huko hupeleka hekaluni sindano zilizovunjika na kuzichomeka kwenye tofu, ile jibini laini ya soya, ili baada ya mwaka mzima wa kutoboa vitambaa vigumu zipate pa kupumzika. Na kila sindano huambiwa asante. "Sindano isiyoshukuriwa haipati usingizi," mama alikuwa akisema. Kwa hiyo diski ya mchezo uliolaaniwa ilichomekwa kwenye tofu, mmoja wao akatafuta jema moja la kuushukuru, na kesi ikafungwa. Mwaka uliopita Dobashi aliushukuru mchezo wa mbio za farasi kwa sababu ulimtibu kukosa usingizi.

Mwaka huu hapakuwa na ubishi juu ya maiti. Ilikuwa "Kabati la Poporo", mchezo wa kurukaruka kwenye majukwaa kwa kubadilisha mavazi, na kila mtu nchini alikuwa na neno la kuusema. Wachache waliutetea kwa machozi, wakidai una moyo wa kitoto. Waliobaki waliutemea mate. Duka la kona lilikuwa limeushusha toka kabatini hadi kwenye kapu la mbele ya mlango, ulale na nyaya kuukuu.

Mavazi yale alikuwa ameyachora Mitsue.

Hakuwa amemwambia mtu. Alipokuwa akiyachora, Tokyo, mkataba ulimfunga mdomo, na nyumbani walijua tu kwamba "anachora vitu vya kompyuta". Mchezo ulipotoka, aibu ikamfunga mdomo tena. Lakini jina lake lilikuwemo mwishoni, kwenye yale majina marefu yanayopanda polepole baada ya mchezaji kushinda: Karasawa Mitsue, michoro ya mavazi. Basi kaka yake anajua. Lazima awe anajua, kwa sababu kanuni ni kanuni na yeye ndiye mwenyekiti. Njia nzima, ndani ya treni, Mitsue alijiandaa kwa neno lake la kwanza. Alipofika, Yasutaka alimmiminia chai na kumuuliza baridi ya Tokyo ikoje. Mitsue akajiambia: ananisitiri, atasema kwa wakati wake.

Na alihitaji sana aseme. Kesho Jumatatu alitakiwa kumpa Onizuka jibu. Onizuka, mtunzi mwenyewe wa mchezo, alimtaka awe mkuu wa wachoraji katika sehemu ya pili ya Poporo. Mitsue alikuwa amekula yamini na nafsi yake: kaka yangu akiona jema moja tu katika kazi ya miaka yangu miwili, moja tu, nitakubali.

"Rikako, zamu yako," alisema Yasutaka.

Rikako alipangusa midomo. "Mavazi themanini, na kila vazi lina kazi moja. Ukitaka kuruka, vaa sungura. Ukitaka kupiga, vua sungura, vaa kifaru. Kifaru haruki. Kuna birika. Birika linapiga mluzi, basi, halifanyi kingine chochote. Adui akikugusa mara moja vazi linapotea, unarudi nyuma nusu saa kulitafuta. Huo si mchezo. Huo ni udobi."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema Mama Fusae, akiongeza mchuzi.

"Na wameweka kitufe kimoja kwa kila kitu. Kimoja! Mashine ina vitufe kumi na kitu, vyote vinafanya kazi ileile. Mpaka majina ya mwishoni huwezi kuyapita, lazima uyatazame yote." Hapo Rikako alimtupia Mitsue jicho la haraka, akarudi kwenye sahani yake.

"Hata majina?" aliuliza Yasutaka. Kisha haraka haraka, "Ah, ndiyo. Hata majina. Upuuzi mtupu!"

Mitsue hakulisikia lile swali, au alilisikia akalipuuza. Alikuwa amerudi kwenye chumba cha mikutano, ghorofa ya tisa, na kinyaa kile cha siku zote kilikuwa kimempanda.

Onizuka ujanani alitunga mchezo ambao watoto wa nchi nzima walikua nao. Tangu hapo akasifiwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji; huyu alitia maji mpaka likabaki maji peke yake, na bado watu walikunywa na kulamba midomo. Aliamuru kitufe kimoja, ili hata mtoto wa chekechea aweze. Chura wa Mitsue alikuwa anaruka wakati huo. Tena alikuwa anaruka vizuri kuliko kiumbe chochote alichowahi kukichora: anachuchumaa, mapaja yanajaa, kisha anafyatuka juu na miguu ikimfuata nyuma. Onizuka alimtazama, akasema kitufe kimeshapewa ulimi, kwa hiyo chura asiruke. Akauliza, "Mnaonaje?"

Meza nzima ilinyamaza. Katika vyumba vile kunyamaza ni kauli, na mtu mzima anatarajiwa kuisoma hewa kama anavyosoma kibao cha njiani. Asiyeweza huonekana hakulelewa. Hakuna aliyekuwa mle ndani asiyejua kwamba chura asiyeruka ni uchafu. Hewa ilisema ndiyo. Na wa kwanza kutamka "Ndiyo" alikuwa Mitsue mwenyewe, kwa sauti nzuri, akiinamisha kichwa. Wengine wakafuata. Jioni ile alifuta miguu ya chura wake kidogo kidogo, na tangu siku hiyo hakuweza kujitazama kwenye kioo cha lifti bila kusikia kichefuchefu. Watu walimchukia Onizuka. Yeye alijichukia mwenyewe, na chuki hiyo haikuwa na likizo.

"Sasa nisikilizeni mimi," alisema Yasutaka, akasimama. Alikuwa msemaji mzuri, na alilijua hilo. "Nyie mnailaumu kampuni, mnamlaumu mzee wao. Mimi namlaumu aliyeshika kalamu. Mzee anaweza kuamuru lolote, lakini kuna mtu aliketi chini akamchora chura mwenye miguu kama njiti za kiberiti! Huyo hajawahi kumwona chura. Huyo hajawahi kuingia shamba la mpunga. Nawaapia, huyo hakuwa na mama wa kumfundisha kwamba nguo inashonwa ili mtu aweze kutembea ndani yake!"

Dobashi aligonga bati kwa mwiko akishangilia. Mama Fusae akapiga makofi. Rikako aliweka vijiti vyake chini, taratibu, vikalala sambamba.

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini tusi hili lilikuwa limepita juu ya kichwa cha Mitsue na kumwangukia mama aliye kaburini, na aliyelirusha alikuwa mwanawe wa kwanza.

"Kaka," alisema Mitsue. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, ndiyo. Keti ule."

"Mchezo. Umeumaliza?"

"Wewe vipi? Mimi ndiye niliyeweka kanuni."

"Na majina uliyatazama?"

Yasutaka aligeuka. Akamtazama Dobashi. "Majina, nani anatazama majina? Mtu unakwenda zako kuchemsha tambi."

"Hata mimi nilisinzia," alisema Dobashi, akimtetea rafiki yake.

"Mimi sikusinzia," alisema Rikako. "Karasawa Mitsue, michoro ya mavazi. Nilidhani unajua, Yasutaka. Nilidhani ndiyo sababu umemwita."

Okonomiyaki iliungua na hakuna aliyeigeuza. Uso wa Yasutaka ulijaa damu, kisha damu yote ikashuka.

"Niliishia kwenye ulimwengu wa pili wa mchezo," alisema hatimaye. "Pale pa chura. Nilianguka mara nyingi nikachoka. Nikatazama video ya mtu anayecheza. Nayo sikuifikisha mwisho."

"Mwenyekiti!" alisema Dobashi kwa uchungu, kama mtu aliyemkuta kasisi jikoni mwake anaiba sukari.

"Mitsue, sikujua. Naapa, sikujua ni wewe. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Uliyosema ni kweli." Mitsue alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua impige nani kwanza. "Ni takataka. Birika ni takataka, kifaru ni takataka. Chura alikuwa na miguu, kaka. Niliichora. Nikaambiwa niiondoe, nikasema ndiyo, nikaiondoa kwa mkono huu. Mimi natapika kila nikimwona. Lakini niseme mimi niliyemkata. Na waseme wale waliofika mwisho. Wewe uliyetazama kwa macho ya mtu mwingine, umepata wapi mdomo wa kumtaja mama?"

Yasutaka aliketi. Aliyeonekana mnyonge zaidi pale alikuwa Mama Fusae, ambaye aliinuka, akaenda jikoni, na kwa kukosa la kufanya akaleta tofu. Ilikuwa bonge jeupe kwenye sahani ya bluu, ikitikisika kidogo. Aliiweka katikati ya meza pamoja na diski.

Hapo kila mtu alishusha pumzi.

"Basi dada," alisema Dobashi kwa upole, "ushukuru mchezo wewe, tuuzike, yaishe. Neno moja tu. Wewe ndiye mzazi."

"Ndiyo," alisema Yasutaka, haraka, kwa matumaini. "Wewe ndiye unayefaa kuliko sote. Sema asante, tule. Nitakuomba radhi vizuri nyumbani."

Wakamtazama. Mama Fusae alikuwa tayari amejiandaa kutabasamu. Mitsue aliisoma hewa ya chumba kile herufi kwa herufi, maana alikuwa hodari wa kuisoma: sema neno, tutacheka, kaka yako atainua uso, hakuna atakayeumia. Aliitambua. Ilikuwa hewa ileile ya ghorofa ya tisa, ila hii ilinukia kabichi.

"Hapana," alisema.

Neno lilitoka dogo kuliko alivyotaka. Akalirudia.

"Hapana. Mama alishukuru sindano zilizovunjika zikiwa kazini. Hii haijashona hata kifungo. Siishukuru." Alichukua diski, akaifuta mafuta kwa pindo la sweta, akaiweka kiganjani mwa kaka yake. "Hatuziki kitu leo. Kamalize kwanza."

"Leo?"

"Sasa hivi. Dobashi kaja na mashine."

Yasutaka alimtazama Rikako, ambaye hakumsaidia. Basi wakaunganisha mashine kwenye runinga ya rafuni, ile ya wateja kutazamia besiboli. Mwenyekiti akaketi sakafuni na koti lake la kazi, akaanza. Alipofika kwa chura alibonyeza kitufe. Ulimi. Akatumbukia. Akabonyeza tena. Hakuna aliyecheka sasa. Rikako aliikata tofu, akaimwagia mchuzi wa soya na tangawizi, akamsogezea Mitsue kipande.

Mitsue alikula. Kisha akatoa simu, akamwandikia Onizuka kwamba sehemu ya pili hataichora, na akatuma bila kuongeza yale maneno matano ya kuomba radhi ambayo kila barua ya kazi lazima iwe nayo.  Kile kichefuchefu cha siku zote alikitafuta, hakukiona mahali pake.

"Mitsue," aliita Yasutaka, akiwa amempa mgongo, baada ya kuanguka kwa mara nyingine. "Mwanzoni alikuwa anaruka vipi?"

"Juu. Alikuwa anavuka shimo hilo na lile la mbele yake."

Yasutaka aliyatazama mashimo yote mawili. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Hili gemu ni takataka," alisema kwa huzuni.

"Najua," alisema Mitsue. "Endelea kucheza."