Mita Nne za Zulia

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mwanajeshi mmoja alisimama kwenye ukingo wa zulia jekundu na hakusogea.

Zulia lilianzia karibu na mlango wa chumba cha bodi ya afya ya jeshi na kuishia mezani, mita nne. Mezani walikuwepo kanali aliyekuwa mwenyekiti, mwenye utepe kifuani wa kuhudhuria semina, na daktari aliyeanza kujaza fomu kabla mgonjwa hajaingia. Karani alikaa pembeni na muhuri. Walitakiwa kuamua jambo moja tu: mtu huyu apande lori la saa tisa kurudi mstari wa mbele, au abaki nyumbani.

Kikosini walimwita Sindano. Kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta mabomu yaliyofukiwa, akichoma udongo kwa kijiti chembamba cha chuma, kila baada ya upana wa vidole viwili. Kazi hiyo haina mjadala: hukanyagi mahali ambapo hujapachoma, labda awe amepakanyaga aliyekutangulia. Mwezi wa nne alisafisha njia, akatangaza kwamba ni salama, na rafiki yake akapita. Njia haikuwa salama.

Mke wa Sindano alisimama kando ya mumewe na barua ya kurasa mbili.

"Afande, naomba muisome."

"Shemeji," alisema kanali, "bodi haisomi barua za wake. Bodi huamua kwa ilichokiona kwa macho yake. Tungesoma barua, jeshi zima lingekuwa limelala ukweni."

Daktari alicheka. Kwa miaka sita alikuwa hajakosa kucheka kanali anapotania.

Barua ilikunjwa tena. Ndani yake iliandikwa kwamba mume amepungua kilo kumi na moja na hawezi kushika kikombe bila kumwaga chai; kwamba kwenye mazishi ya rafiki yake alisimama barabarani, kwenye lami, kwa sababu udongo wa makaburini ulikuwa umechimbuliwa, na mama wa marehemu hajamsalimia tangu siku hiyo; kwamba aliacha kusali kwa kuwa kusali kunahitaji kufumba macho; na kwamba Jumanne iliyopita alimfunga binti yao wa miaka minne kwenye mguu wa meza, kwa fundo lisiloumiza, kwa kuwa alikuwa hajamaliza kuukagua uwanja wa nyumba.

"Miguu miwili," alisema daktari, akiandika. "Mikono miwili. Macho yote. Masikio?"

"Moja linalia," alisema Sindano.

"Linalia au linasikia?"

"Yote mawili."

"Basi linasikia." Akaweka alama ya vema.

Mke alitazama zulia. Tangu mume arudi, yeye ndiye aliyemtangulia kila mahali: sokoni, chooni, hata kutoka kitandani hadi mlangoni. Sasa alirudi nyuma hatua mbili, hadi ukutani.

"Kama mnaamini macho, basi mtazame," alisema. "Mwiteni aje mezani. Mimi simtangulii."

"Sindano," kanali aliita, "njoo utie saini."

Sindano alipiga magoti. Alitoa kalamu mfukoni, akaiingiza kwa pembe chini ya ukingo wa zulia, akasikiliza kwa vidole, akaichomoa, akasogeza upana wa vidole viwili. Alipomaliza mstari mmoja aliweka goti hapo na kuanza mwingine, safari hii akichoma kutoka juu, ncha ikitoboa nyuzi. Daktari alitazama saa. Karani aliacha kutafuna alichokuwa akitafuna.

Dakika ya tisa, kalamu ilisimama.

"Kuna kitu."

"Waya wa simu huo, bwana," alisema karani.

"Nani ameuona?"

Hakuna aliyekuwa ameuona. Zulia lilitandikwa kabla yao. Sindano alichana pembe ya barua yake ya wito, akaiweka juu ya uvimbe mdogo wa zulia, akauzunguka.

Alifika mezani dakika ya kumi na saba. Shati lilikuwa limeloa hadi kiunoni. Kanali alikuwa ameinama mbele kama mnunuzi aliyeonyeshwa dume mnadani.

"Mmeona," alisema mke.

"Tumeona. Mkono haukutetemeka hata mara moja. Andika hilo, daktari. Hawa vijana tunaoletewa siku hizi wangeukanyaga ule waya kama wanaokwenda harusini."

"Afande, hilo ni zulia."

"Ndiyo, shemeji. Sasa fikiria akipewa udongo."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?" aliuliza daktari.

"Yumo kwenye barua."

"Basi yuko salama huko," alisema kanali, na daktari akacheka tena.

Sindano alishika kalamu kutia saini. Mtetemeko ulirudi, na saini ikatoka nje ya kisanduku kwa sentimita mbili. Daktari alisema inasomeka. Karani alimtazama mke, akatazama muhuri, akagonga: ANAFAA.

Wakati wa chakula cha mchana, kanali na daktari walipita katikati ya zulia wakizungumza. Karani alitoka mwisho. Alipofika kwenye kipande cha karatasi alikizunguka.

Saa tisa kasoro kumi, mlinzi wa kambi alimzuia mke getini. Raia haruhusiwi kupita. Kutoka getini hadi kwenye lori kulikuwa na uwanja wa mchanga, hatua thelathini. Sindano aliwaacha wenzake wote watangulie. Wawili walimtania kwamba anaogopa kuchafua buti. Alimtazama wa mwisho wao, akahesabu nyayo zake, kisha akaanza kuzifuata, buti ndani ya alama ya buti.

Saa tisa na dakika nne alipanda, na lori likaondoka.