Kisigino cha Twiga

Radi alikuwa ameshakasirika kabla hata hajavua koti. Alifika ukumbini mchana, mkoba wa vijiti vya dramu begani, na pale mlangoni akakutana na bango kubwa la bendi yao enzi za ujana: watu wanne, suruali zimewabana mpaka unawaonea huruma. Picha ilikuwa imegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto, hivyo mpiga gitaa alionekana anatumia shoto na mpiga besi amesimama upande ambao hajawahi kusimama maishani mwake. Hakuna aliyeliona hilo. Waliokuwa wakilitundika walikuwa wanabishana kuhusu ngazi.

Bendi yao ilianza kupiga roki wakati ambao wazazi waliuona muziki huo ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali. Leo walikuwa wanapewa tuzo kwa kazi ya maisha yao yote, na wawili kati ya wanne walikuwa kaburini. Kengele, mwimbaji, moyo ulimsimama akiwa anafunga kamba za viatu. Twiga, mpiga besi, aliugua akaondoka mwaka uliopita. Huyo Twiga alikuwa mdogo wake Radi wa tumbo moja. Walibaki Radi na mpiga gitaa, ambaye kwa bahati yake mbaya ndiye mumewe. Jukwaani aliitwa Nywele, na ingawa sasa kichwa kilikuwa kinang'aa kama sahani iliyooshwa, jina hakulirudisha.

Radi alikubali kuja kwa sharti moja tu, na alilisema kwenye simu mara nyingi mpaka akajichoka mwenyewe: watu wasimame dakika moja ya kimya kuwakumbuka marehemu wake. Ukumbi mzima, kimya, kwa ajili ya Kengele na Twiga. Hakutaka kingine.

Mratibu wa hafla, bwana mmoja mwenye shati la kumetameta, alimpokea kwa tabasamu na kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisifu dramu zake, akasifu afya yake, kisha akamweleza taratibu kwamba dakika ya kimya imeondolewa. Wafadhili wameomba muda zaidi wa kuzungumza, na watu siku hizi wakiambiwa wakae kimya wanashika simu zao.

"Badala yake tutatoa moshi, mama," alisema. "Moshi mweupe. Unagusa sana."

Radi alitaka kumpa za uso. Alijizuia, akaenda jukwaani kutafuta kitu cha kufanya na mikono yake, na huko akakuta gitaa la besi la Twiga limesimamishwa kwenye stendi yake na kufungwa utepe, upande wa kulia wa dramu, kama kwenye ile picha iliyogeuzwa. Akalibeba mwenyewe mpaka kushoto, karibu na matoazi yake. Hapo ndipo mdogo wake alipokuwa akisimama, ili dada mtu aone kiatu chake.

Maana Twiga alikuwa mtu wa maneno machache, na kwenye bendi yao hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu. Watu wakishajiweka sawa, Twiga aligonga kisigino sakafuni mara mbili, na wimbo ukaanza. Siku moja Nywele alijitia kuhesabu kwa mdomo, kila mtu akaingia kwa wakati wake, na Kengele akacheka mpaka akakaa chini. Hakurudia tena.

Nywele mwenyewe alifika watu wanaanza kuingia ukumbini, shati nje, hana habari. Radi akamuuliza kuhusu mazoezi waliyopatana.

"Mama watoto, huu wimbo tumeupiga maisha yetu yote," alijibu. "Mazoezi ya nini?"

Alikuwa vile vile tangu siku ya kwanza, na Radi hakujua kwa nini bado alishangaa. Fundi wa sauti aliwapima mmoja mmoja, gitaa peke yake, dramu peke yake, akainua dole gumba. Basi.

Hotuba zikaja. Mfadhili wa kwanza aliitaja bendi kwa jina lisilo lake, wa pili akaongea kuhusu mfadhili wa kwanza. Moshi ukatoka mapema na kumkohoza mshereheshaji. Tuzo zikatolewa, makofi yakapigwa, na Radi akakaa nyuma ya dramu zake amenuna, akiona kwamba marehemu wake wamepita kama tangazo.

Taa zikatulia. Nywele akashika gitaa. Radi akainua vijiti.

Hakuna kilichotokea.

Radi akamkazia macho Nywele: anza basi, zuzu wewe. Nywele naye akamkazia macho yeye. Kisha macho yakawahama, na Radi akagundua kwamba wote wawili walikuwa wamegeuza nyuso kushoto, wakitazama sakafu chini ya lile gitaa la besi, pale ambapo kungekuwa na kiatu.

Akashusha vijiti. Mama mmoja wa safu ya mbele akasimama polepole. Aliyekuwa karibu naye akasimama, kisha safu, kisha ukumbi mzima, vichwa vimeinama, hakuna aliyekohoa. Pembeni ya jukwaa Mratibu alikuwa anazungusha kidole, anzeni, anzeni, mpaka naye akakishusha. Radi alikuwa na hamu ya mdogo wake mpaka ikamuuma.

Kisha Nywele akatembea mpaka pale, akasimama kando ya besi, akagonga kisigino mara mbili. Alikigonga kwa pupa, kama kawaida yake. Siku nyingine angetukanwa. Radi akaingia.

Baadaye Mratibu aliwafuata nyuma ya jukwaa, macho mekundu, shati limelowa.

"Ile dakika ya kimya mliipanga lini, mama? Mbona mlinificha?"

Nywele aliinama, akajifanya anafunga mkoba wa gitaa. Radi alijifuta jasho, na sauti yake ikatoka ya uchovu mtupu.

"Hatukupanga kitu," alisema. "Tulikuwa tunamsubiri aanze."