Dari ya Kiwanda cha Sabuni

Jumanne saa mbili asubuhi, wafanyakazi tisa wa kiwanda cha sabuni walikaa kantini kujiandaa kwa ukaguzi wa usalama wa mitambo. Msimamizi, waliyempachika jina la Bwana Fomu, aliwagawia maswali pamoja na majibu, maana hakutaka mtu ajitungie. Karibu kila jibu lilikuwa lilelile: utaratibu unafuatwa.

Mpakiaji aliulizwa kama anavaa glavu. Akasahau karatasi, akasema ziliisha tangu Februari. Papo hapo akainuka kwenye benchi na kuelea kimo cha meza, kikombe mkononi. Bwana Fomu akamwomba ajibu upya. Alisoma jibu la kwenye karatasi, miguu ikagusa sakafu.

Basi maandalizi yakanoga. Kila mtu alitaka zamu yake ya kusema kweli. Mpishi alikiri kwamba kizimamoto ndicho kinachozuia mlango wa stoo usijifunge, akapanda hadi kwenye feni, na kwa vile alishafika huko, akaipangusa vumbi. Watu walicheka mpaka mbavu zikauma.

Fundi wa boila hakucheka sana. Vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, ilikuwa imefungwa waya kwa amri ya Bwana Fomu, kwa sababu kila ikifunguka kazi husimama. Mke wa fundi alichanganya sabuni hatua nane tu kutoka kwenye boila, na fundi alimhofia kila siku.

Siku ya ukaguzi Bwana Fomu aliwavalisha wote buti zilizojazwa vipande vya chuma. Mkaguzi akauliza habari za vali. Fundi akamtazama mkewe.

"Sema tu, baba watoto," mkewe alimwambia. "Nimekushika."

"Imefungwa waya," fundi alisema. "Tunaomba ifunguliwe kabla haijatuua."

Akapanda na buti zake, mkewe akaning'inia mguuni, wakaenda kugota darini. Huko juu walicheka kama siku waliyooana, na wenzao wakapiga makofi.

Mkaguzi aliinua kichwa, akapima kwa macho, akaandika. Ripoti ilikuja na agizo moja: dari iinuliwe mita mbili. Iliinuliwa ndani ya wiki moja.

Sasa kila Ijumaa wote tisa huelea chini ya dari mpya, wakiitaja ile vali kwa sauti moja, huku boila likinguruma chini yao.