Mwanamke Aliyehesabu Vimulimuli

Kila asubuhi Dada Macho alijifungia nusu saa kwenye chumba cha giza bila kugusa kitu, ili macho yasahau jua. Kisha aliinamia hadubini na kuhesabu vimulimuli. Ndivyo walivyoviita maabarani vinuru vilivyowaka kwenye kioo kila chembe iliyorushwa na kipande cha radiamu ilipokigonga baada ya kupenya karatasi nyembamba ya dhahabu. Alihesabu dakika moja, akapumzika dakika moja, kwa miaka sita. Profesa aliyemwajiri, kazi hiyo ilimshinda. Vikifika kumi tu machozi yalimtoka, naye akasingizia mafua.

Profesa aliamini kwamba atomi ni kama keki, na elektroni ni zabibu kavu zilizotapakaa ndani yake. Chembe yenye kasi ingeipita keki bila taabu. Jumanne moja Dada Macho alikisogeza kioo hadi upande chembe zilikotoka akifuta vumbi, akasahau kukirudisha. Alipoketi kuhesabu, vimulimuli vikawaka hata huko. Vilikuwa vichache mno, lakini vilikuwepo. Akamweleza Profesa kwamba ndani ya atomi mna kitu kidogo kigumu kinachozirudisha chembe, na kwingine kote ni utupu mtupu. Profesa akamwambia akalale.

Wiki iliyofuata Dada Macho alianza kupita kwenye milango iliyofungwa. Alijua hivyo siku aliyobeba trei ya chai: yeye aliingia, trei ikabaki nje, chai ikamwagika. Bawabu alilalamika tu kwamba hasaini daftari la wanaoingia. Nyumbani mama yake hakuinua hata uso kutoka kwenye ushonaji.

"Gonga kwanza, mwanangu. Mlango ni adabu, si mbao."

Baadaye Profesa aliamua kuhesabu upya, maana yake Dada Macho alihesabu upya, miezi mitano. Keki ikatupwa. Ripoti ilipoanza kuandikwa aliomba jambo moja: jina lake likae ukurasa wa kwanza, chini ya la Profesa, hata kwa herufi ndogo.

"Hilo lisikutie wasiwasi, dada," alisema Profesa.

Ripoti ikatoka. Dada Macho aliisoma mara mbili, kisha akaisoma kuanzia nyuma. Mwishoni palikuwa na shukrani kwa "wote waliosaidia". Ilimuuma sana. Mama yake alisema asante ya punda ni mateke, akaendelea kushona.

Siku ya sherehe ya kumpongeza Profesa mlango wa ukumbi ulijaa watu, akapitia ukutani. Wageni walimpa mikono, mikono ikampita, wakanyoosha moja kwa moja hadi kwa Profesa aliyekuwa nyuma yake. Profesa mwenyewe, kwa furaha, alitaka kumpiga begani. Mkono ukazama hadi katikati ya kifua, ukagonga kitu, ukarudishwa kwa nguvu hata akapepesuka. Akatazama kidole chake kikivimba.

"Kuna kitu kigumu humo," alisema.

"Kipo, Profesa. Nilikuambia Jumanne ile."

Profesa akatikisa kichwa taratibu. Akatoa daftari mfukoni, akaandika alichokigundua, akatia tarehe, saa na jina lake. Kisha akamuuliza kama kesho angeweza kuwahi kidogo, kwa kuwa jambo hili lingehitaji mtu wa kulihesabu.